Kifungu cha Stelingi

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, lakini sitalitaja, kwa kuwa limesajiliwa na kulitumia bila kibali ni kosa. Niliomba kibali. Nikajibiwa kwamba maombi yangu yamepokelewa kwa furaha, na huu ni mwaka wa sita furaha hiyo inaendelea.

Ni nchi ya amani. Sisemi hivyo kwa kujipendekeza. Imeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa kila kituo cha polisi. Mtaa wetu kwenye ramani unaitwa Matarajio Daraja la Kwanza. Sisi tunauita Chini ya Waya, kwa sababu nyaya kubwa za umeme hupita juu ya mabati yetu zikienda kuwasha taa za mjini, na tangu nizaliwe hazijawahi kuteremka kutusalimu. Magenge hatuna. Waziri alishaeleza bungeni kwamba wale vijana wenye mapanga wanaokaa kwenye kona ni nguvu kazi iliyo katika kusubiri. Wenyewe hujiita Kamati ya Kona, na tofauti na kamati nyingine za nchi hii, wao hukutana kila siku na maazimio yao hutekelezwa.

Vilevile kwetu hakuna anayeuawa. Sheria inatambua sababu nne za kifo: uzee, maradhi, radi, na furaha iliyopita kiasi. Mtu akikutwa amelala njiani na tundu kifuani, huandikwa kwamba amehama. Ofisi iliyokuwa ya Vizazi na Vifo ikabadilishwa jina, ikawa Ofisi ya Vizazi na Vihamo, baada ya wageni wenye mitaji kusema lile neno la zamani linawavunja moyo. Nilitafuta "vihamo" katika kamusi yangu nikalikosa. Nikaona kosa ni la kamusi.

Hoza Mkwizu alihama Jumanne moja saa nne asubuhi, akiwa na miaka kumi na saba, akitoka bombani na ndoo mbili za maji.

Sitamremba kwa sababu ameondoka. Alipofika miaka kumi na minne aliingia Kamati ya Kona, kwa kuwa Kamati ndiyo iliyokuwa ikigawa chakula cha jioni, na akapewa panga refu kuliko mkono wake. Watu aliwatisha, na mmoja alimkata. Mimi aliniibia redio. Nilimtambua kwa viatu. Baada ya miaka miwili alikuja nayo mlangoni kwangu, macho chini.

"Shikamoo, babu. Nimerudisha. Betri ziliisha."

"Marahaba. Redio bila betri ni sanduku."

Kesho yake akaleta betri. Sikumuuliza alikozitoa, na mimi nina dhambi zangu. Wiki ileile akaiacha Kamati, akaanza kuwachotea watu maji. Mwezi mmoja baadaye Kikosi cha Utulivu kikaingia mtaani kikimtafuta mtu mwenye fulana nyekundu, na siku hiyo fulana nyekundu ilikuwa ya Hoza.

Ndoo moja ilianguka. Ya pili ilibaki wima, haikumwaga hata tone. Mama Hoza alipomaliza kumfunika mwanawe kwa khanga, aliibeba ile ndoo iliyobaki, akaipeleka nyumbani, akawapikia uji waliokuja kulia. Maji yalikuwa ya shida, na mtoto alikuwa ameyafuata mbali.

*

Ubaya wa mtu aliyehama ni kwamba bado anatafutwa. Jina la Hoza lilibaki kwenye orodha ya Kikosi, na kwa hiyo kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi Koplo Ntimba alikuja na watu wake wanne kumtafuta. Koplo Ntimba ndiye aliyefyatua risasi. Hilo mtaa mzima uliliona, ila halikuandikwa popote, kwa hiyo yeye mwenyewe hakuwa na namna ya kulijua. Alipiga hodi kwa adabu, akamwaga nguo za sanduku sakafuni, akainua godoro, akapiga magoti akatazama chini ya kitanda.

"Hayupo," alisema kila mwezi.

"Hayupo," alijibu Mama Hoza kila mwezi.

Ndipo Mama Hoza akaanza kwenda kwenye ile Ofisi ya Vizazi na Vihamo. Alikwenda kila Jumatatu, dirisha la kwanza. Dirisha la pili ni la ndoa. Karani wa madirisha yote mawili alikuwa Bwana Kihedu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuandikisha kifo cha mwanangu."

"Mwanao amehama, mama. Naona hapa. Kahama Jumanne."

"Kahamia wapi?"

Bwana Kihedu alifuata mstari kwa kidole. "Mahali pasipojulikana."

"Mimi napajua. Nimemzika mwenyewe."

"Basi wewe una bahati, mama. Wengi hawana hata anwani."

Alichotaka Mama Hoza kilikuwa mstari mmoja tu kwenye kitabu: kwamba mwanawe amekufa, na kilichomuua ni nini. Hakutaka fidia wala pole. Alitaka watu wakome kumtafuta mwanawe chini ya kitanda.

*

Binti yake Mama Hoza, Tunu, ni mpiga video wa harusi. Chini ya Waya hakuna harusi aliyoikosa, na anazo kanuni zake. Bibi harusi asichukuliwe picha anapotafuna. Wakwe wachukuliwe wote, hata walionuna. Na kubwa kuliko zote, saini. Tunu husema ndoa haijafungwa mpaka kamera imeona kalamu. Bwana harusi anapoinama kwenye kitabu, yeye ameshasogea, na kioo chote kimejaa kalamu na vidole.

Siku moja Tunu akamwambia mama yake, "Kama hawataki kumwandika, mimi nitamchukua."

"Utamchukuaje naye hayupo?"

"Nitaichukua njia aliyopita."

Akatengeneza filamu kwa kamera ya harusi. Aliiita *Ndoo Iliyobaki*. Ilimwonyesha Hoza tangu akiogeshwa kwenye karai, akikua, akipewa panga, akiliacha, hadi bombani. Aliyemwigiza Hoza alikuwa kijana wa Kamati ya Kona aitwaye Chikoti. Kamati waliposikia wakatuma ujumbe wa watu watatu. Nilikuwepo.

"Dada Tunu, tuna madai mawili," alisema mkubwa wao. "Kwanza, tusionyeshwe tukimkata mtu. Pili, tuvae viatu vizuri."

"La kwanza, mmelifanya au hamjalifanya?"

Wakatazamana. "Tumelifanya."

"Basi tuzungumze viatu."

Kuvaa sare za Kikosi ni kosa, kwa hiyo wanaofyatua hawaonekani. Unaona mikono na kivuli. Chikoti aliangushwa mara nane mpaka Tunu akaridhika. Ya nane ilipokwisha alikaa chini kwa muda mrefu, na tangu siku ile hakurudi kwenye kona. Nilipomuuliza akasema, "Babu, nimeshakufa mara nane. Inatosha."

Mama Hoza alikataa kuambiwa la kufanya. "Mimi siigizi. Nitafanya nilivyofanya." Akafunika, akabeba ndoo, akatembea. Ilichukuliwa mara moja tu, na baada ya hapo Tunu alitumia asubuhi nzima kuifuta lenzi ambayo haikuwa na uchafu.

Kompyuta ya kuunganishia ilikuwa na mapambo ya harusi peke yake. Picha moja inapokwisha na nyingine kuanza, kioo hujifunga kwa umbo la kopa, kama mapenzi yamekamilika. Hakukuwa na njia ya kuliondoa. Hoza anaanguka, na kopa linamfunga polepole.

*

Ilionyeshwa kwenye banda la video saa tisa alasiri. Kwa asiyejua, katika mabanda yetu filamu huwa na watu wawili tu: stelingi na adui. Waliobaki ni wapita njia. Stelingi ni yule tunayemfuata, na hata apigwe na jeshi zima, hafi. Mtu akiingia amechelewa, kabla hajaketi huuliza, "Stelingi nani?" Akionyeshwa, hutulia, kwa kuwa sasa anajua nani atakuwepo mwisho.

Hoza alipoanguka, mpagazi mmoja aliyekaa mbele akapiga kelele, "Inuka, bwana! Stelingi hafi!"

Wengine wakacheka na kuitikia. "Inuka! Inuka!"

Kopa likafunga. Likafunguka juu ya mama anayetembea na ndoo. Walisubiri. Ndoo ilifika nyumbani, jiko likawashwa, maji yakachemka, na yule mpagazi alikuwa bado amesimama, mkono juu. Hakuna aliyemwambia aketi. Kisha nyuma gizani mwanamke mmoja akasema, bila kupaza sauti, "Na wangu wamwandike."

Ndani ya banda alikuwemo mtu wa Serikali. Tulimtambua mapema, kwa kuwa alinunua karanga akaomba risiti. Kesho yake filamu ikatwaliwa, na Tunu akaitwa mbele ya Bodi ya Utazamaji Mwema. Barua ilisema aje na anayehusika na mtu mzima mmoja mwenye tai. Mama Hoza ndiye anayehusika. Tai ninayo.

*

Mwenyekiti wa Bodi, Dakta Lukindo, alikaa chini ya picha yake mwenyewe akiwa amekaa. Wajumbe sita walikuwa pembeni. Mbele yake palikuwa na Sheria ya Filamu, kitabu kinene, ambacho nilikuwa nimekisoma chote, kwa kuwa nilipomaliza shule ya usiku nikiwa na miaka arobaini nilijiahidi kusoma chochote kinachonihusu, hata kama kimeandikwa ili nisikisome.

Kifungu cha Nne kina historia. Zamani Serikali ilitoa filamu ya daraja jipya la mto wetu. Filamu ilikuwa nzuri, daraja halikujengwa. Watu wakasema. Ndipo ikatungwa sheria kwamba filamu yoyote yenye mihuri mitatu ya Bodi ni kweli, na mwenye kuitilia shaka ameitilia shaka Serikali. Tangu hapo tunavuka mto ule maji yakiwa kifuani, na tukikutana katikati na askari tunasifu daraja.

"Filamu nimeitazama," Dakta Lukindo alianza. "Nimeitazama mara mbili, kwa niaba ya wananchi, ili wao wasilazimike. Ina kasoro ndogo mia moja na nne. Kwa mfano, naona nyumba za mabati. Zitaitwa makazi mepesi. Naona njaa. Itaitwa hamu. Hayo tutayarekebisha kirafiki. Lakini ipo kasoro kubwa moja." Akavua miwani. "Stelingi anakufa."

Wajumbe wakashusha pumzi.

"Kifungu cha Tisa, maneno mawili: *Stelingi hafi*. Ndugu zangu, taifa ni nini? Taifa ni filamu ndefu. Mwananchi anaingia, anakuta imeshaanza, anatafuta pa kuketi gizani. Anauliza, stelingi nani? Je, tumfanyie ukatili wa kumwonyesha, kisha tumuue? Atamfuata nani? Atatoka nje, ndugu zangu! Na nje, kama mnavyojua, hakujapangwa."

Wakapiga makofi. Mmoja alifuta jicho.

"Kwa hiyo mwisho utakuwa hivi. Kijana anainuka. Anajipangusa vumbi. Risasi zilikuwa za kumwonya. Anaokota ndoo zake, anawashukuru walinzi wa amani."

"Mheshimiwa," Tunu akasema, "hakuinuka."

"Hakuinuka kwa sababu hakuongozwa vizuri. Si wewe mwongozaji?"

Tunu alifungua mdomo. Mama yake akamshika goti.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Mimi sikusoma."

"Uliza, mama. Bodi ni yenu."

"Stelingi ni nani?"

Wajumbe wakacheka kwa upole, kama watu wanaomcheka mtoto. Dakta Lukindo akafungua kitabu, akasoma kwa sauti ya redio: "'Stelingi ni mtu ambaye filamu ikianza yupo, ikiisha yupo, na katikati watazamaji wanamfuata.'"

"Filamu hii inaanza, nani yupo?"

Katibu wa Bodi akatazama maandishi yake. "Mama. Anaogesha mtoto kwenye karai."

"Inaisha, nani yupo?"

"Mama. Ana... ana ndoo."

"Basi stelingi ni mimi," alisema Mama Hoza. "Na mimi sijafa."

Dakta Lukindo alivaa miwani, akasoma tena kifungu, akakigeuza kitabu kama jibu limeandikwa nyuma. Bodi ikaomba kujitenga. Walijitenga dakika arobaini, na tukasikia vikombe. Waliporudi wakamtuma mjumbe mmoja, ambaye ni daktari wa mifugo, amshike Mama Hoza mkono apime mapigo.

"Yu hai," aliripoti. Akafikiri kidogo. "Tena sana."

"Na huyu kijana?" akauliza katibu. "Yeye anakufa."

"Kijana basi ni mpita njia," akasema Dakta Lukindo, akiwa amefarijika. "Wapita njia wanaruhusiwa. Sheria haijawakataza kufa."

Nilimwona Mama Hoza akilimeza neno lile. Alilimeza kama dawa, kwa kuwa alijua lina kazi.

Nikapewa Fomu Namba Kumi na Nne, ya kuidhinisha filamu, niijaze, kwa sababu ya mwandiko wangu. Penye *Stelingi* nikaandika jina la Mama Hoza. Penye *Muhtasari wa yaliyotokea* nikaandika kwa herufi nilizofundishwa chini ya taa ya chemli, moja moja, zikiwa zimesimama wima: "Hoza Mkwizu, miaka kumi na saba, alipigwa risasi saa nne asubuhi akitoka bombani. Akafa." Kisha nikafika penye *Adui*. Kifungu cha Kumi kinasema mtumishi wa umma hawezi kuwa adui. Kifungu cha Kumi na Moja kinasema nafasi isiachwe wazi. Nilifikiri. Nikaandika: "Anatafutwa."

Dakta Lukindo hakusoma muhtasari. Alikuwa ameshaitazama filamu mara mbili. Ila neno la mwisho alilisoma, akatabasamu.

"*Anatafutwa.* Hili ni neno zuri, mzee. Hili ni neno letu."

Akapiga mihuri mitatu.

*

Katika nchi yetu watu zaidi ya watano wakitaka kutembea pamoja lazima wawe na kibali, isipokuwa wakiwa harusini. Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata tulikwenda harusini. Wanawake wa Chini ya Waya walivaa sare ya vitenge vya kijani, wakajaza barabara. Mbele lilitangulia gari la matarumbeta, vijana sita juu yake mashavu yamevimba, ngoma kubwa ikipigwa na Chikoti. Askari wa barabarani alisimamisha magari ili tupite.

"Bibi harusi yuko wapi?" aliuliza akicheka.

"Yuko mbele!" wanawake wakamjibu. "Mtazame anavyopendeza!"

Mbele alikuwa Mama Hoza, ndoo ya maji kichwani. Ni ileile. Hakuishika kwa mkono.

Bwana Kihedu aliposikia tarumbeta alihamia dirisha la pili, akafungua kitabu cha ndoa, akatabasamu. Mama Hoza akasimama dirisha la kwanza. Tabasamu likarudi lilikotoka.

"Shikamoo, mama. Leo una harusi?"

"Marahaba. Leo nina karatasi."

Nikaisukuma fomu chini ya wavu. Akaisoma. Akaisoma tena akigusa mihuri mmoja mmoja.

"Mzee, lakini hii ni filamu."

"Kifungu cha Nne, Bwana Kihedu."

Alikifahamu. Kila anayevuka mto ule anakifahamu. Nyuma yetu matarumbeta yakanyamaza moja baada ya jingine, mpaka ukabaki mlio wa maji yakitikisika ndani ya ndoo.

"Nikikataa kuandika?"

"Umetilia shaka mihuri."

"Na nikiandika?"

"Umeandika."

"Lipi kosa dogo?"

"Mimi si mwanasheria, baba. Nina tai tu."

Akafungua kitabu kikubwa, akaitafuta Jumanne ile. "Hakuna safu ya risasi," alisema, karibu kwa kuomba. "Kuna uzee, maradhi, radi na furaha."

Mama Hoza akaishusha ndoo, akaiweka juu ya kaunta. Haikumwagika.

"Andika pembeni," alisema. "Pembeni pana nafasi."

Bwana Kihedu alikata neno *amehama* kwa mstari mmoja ulionyooka. Akainama. Ndipo nikasikia mtu ananipita ubavuni, nikageuka, nikamwona Tunu, kamera begani, anasogea kama alivyosogea katika harusi mia tatu. Sidhani alikusudia; mwili ulimpeleka wenyewe. Kalamu ikajaza kioo chote. *Amefariki. Sababu: risasi.* Na chini yake saini, na tarehe.

Sijui nani aliyeanza kigelegele. Kilitoka kama kilivyozoea kutoka kalamu inapoinuka kitabuni, kisha wote wakakichukua, na nilitazama nyuso zile zilizolowa machozi huku zikipiga vigelegele, na vijana wa matarumbeta, ambao hawana wimbo mwingine, wakapiga ule wa kumtoa bibi harusi ndani. Mama Hoza hakulia. Aliomba nakala ya ukurasa, ikatiwa muhuri, akaikunja mara mbili pamoja na fomu yetu.

"Asante, mwanangu," alimwambia karani.

Nyuma yake mwanamke wa banda la video alikuwa ameshafika dirishani. "Na wangu," alisema. Nyuma yake kulikuwa na mwingine, na mwingine, mpaka mlangoni, mpaka barabarani. Kila mmoja alikuwa na jina la mtu.

Bwana Kihedu aliitazama foleni. Akafungua ukurasa mpya.

*

Serikali ilishughulika. Bodi ilitaka kuifuta mihuri yake, ikagundua kwamba kuifuta ni kuitilia shaka. Kurasa za kitabu zilichanwa, lakini Tunu alikuwa ameshaiunga picha ile mwishoni mwa filamu, na kalamu ya Bwana Kihedu inaandika kila siku saa tisa alasiri kwenye mabanda yote ya nchi. Yeye mwenyewe alihamishwa, na safari hii neno ni sahihi: anaishi, anwani yake tunayo, na wanawake wa Chini ya Waya wamempelekea kitenge cha kijani. Fomu Namba Kumi na Nne zimeadimika. Akina mama wengi wanataka kuwa stelingi.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi Koplo Ntimba akaja na watu wake wanne, kwa kuwa orodha ni orodha. Nilikuwa nje kwa jirani nikitengeneza redio.

"Hodi! Kikosi cha Utulivu. Tunamtafuta Hoza Mkwizu."

"Karibuni," Mama Hoza akaitika kutoka ndani. "Someni mlangoni."

Nakala ilikuwa imepigwa misumari minne kwenye mlango. Koplo aliisoma midomo ikicheza. Askari mmoja alivua kofia, akakumbuka hajaamriwa, akaivaa tena.

"Amefariki," alisema Koplo, kama mtu anayeletewa habari. "Basi... jina tutalikata."

Akageuka kuondoka.

"Rudi, Koplo. Hujamaliza kusoma."

Mama Hoza alikuwa ametoka, Fomu Namba Kumi na Nne mkononi. Akaweka kidole pale pa kusoma. Koplo Ntimba akainama.

"*Adui: Anatafutwa,*" alisoma. Akainua uso. "Anatafutwa na nani?"

"Na mimi."

Mtaa wote ulikuwa umetoka. Hakuna aliyeshika jiwe. Juu yetu nyaya zilikuwa zikivuma, zikipeleka umeme wao mjini.

"Kuna muhuri," Mama Hoza akaendelea, kwa adabu ileile ya kila mwezi. "Mitatu. Nami nimefanya kama mnavyofanya ninyi. Nimemwaga sanduku, nimeinua godoro, nimeangalia chini ya kitanda. Hayupo."

Akapiga hatua moja mbele, akamtazama usoni.

"Sasa naangalia mlangoni."